Koili ya kupozea bia ya nyumbani: klipu, kompresheni, fleya au lehemu?

Koili umeshaikunja. Mita 15 za bomba la shaba nyekundu, lile la viyoyozi, umezizungushia mtungi mtupu wa gesi wa kilo 6 mpaka zikakaa kama springi. Ncha mbili umezipandisha juu na kuzitoa nje ya sufuria. Kazi iliyobaki ni ndogo, na ndiyo inayowakwamisha wengi: hizo ncha zitashikana vipi na mpira wa maji?

Hapa Mtwara nimeshazijaribu njia nne, moja kwa kupenda, nyingine tatu kwa sababu iliyotangulia ilinilowesha au iligoma. Zote zinafanya kazi, ila si kwa mtu yuleyule wala kwa maji yaleyale.

Kwa aliyeingilia mazungumzo katikati: ukishachemsha maji ya kimea na hopsi (maua ya kuipa bia uchungu) kwa saa nzima, inabidi yapoe upesi ndipo utie hamira. Yakilala vuguvugu hadi asubuhi, vijidudu visivyoalikwa vitatangulia kula ile sukari. Koili inazama ndani ya sufuria, maji ya bomba yanapita ndani ya shaba, joto linatoka nayo upande wa pili. Maji ya bomba na bia havikutani. Jamaa yangu wa Lindi hapiki bia kabisa. Yeye hupoza juisi ya ukwaju iliyochemshwa ili asiibebeshe friji sufuria ya moto. Koili yake ni kama yangu, na maswali yake ya fitingi, yaani viungio vya bomba na mpira, ni kama yangu.

Mambo matano ya kupima

La kwanza ni nguvu ya maji. Kila mita 10 za kimo hutoa shinikizo la takriban ba 1 (ba ni kipimo cha shinikizo). Simtanki lililokaa juu ya mnara wa mita 3 linakupa kama ba 0.3, ambayo hata mpira uliobanwa kwa mkono unaweza kuistahimili. Maji ya mamlaka yanayoingia nyumbani moja kwa moja yanaweza kuwa na nguvu mara nyingi ya hiyo, na nguvu hiyo hupanda na kushuka. Ukitumia pampu, hilo nalo ni jambo jingine.

La pili, na ndilo ninaloona watu wanalisahau, ni joto. Koili huzamishwa dakika 15 za mwisho za kuchemka ili vijidudu vife, ikiwa haina maji ndani. Shaba hupitisha joto upesi mno, kwa hiyo ncha za nje zinakuwa za kuunguza. Tena maji ya kwanza yatokayo upande wa kutokea yanakaribia kuchemka. Halafu kuna moto wenyewe wa jiko, unaopanda ubavuni mwa sufuria na kulamba chochote kinachoning'inia pale.

La tatu ni hewa ya bahari. Mikindani, Shangani, Lindi mjini kando ya ghuba: chuma cha kawaida hakidumu. La nne ni kufungua na kufunga, maana koili lazima ioshwe na ihifadhiwe mahali. La tano ni zana na fundi: nani atakutengenezea, na nani atarekebisha siku ikivuja Jumamosi saa kumi jioni sufuria ikiwa jikoni.

Jambo moja ni la wote, halichagui njia: pinda ncha zote mbili zivuke ukingo wa sufuria kisha zielekee chini kidogo, ili fitingi iwe nje na chini kuliko mdomo wa sufuria. Hapo ikivuja, tone linaanguka sakafuni. Fitingi iliyo juu ya sufuria ikivuja, maji mabichi yanateremka kwenye shaba hadi ndani ya bia iliyopoa, na kazi ya siku nzima imekwenda.

Vipimo, kabla hujatoa pesa

Bomba la viyoyozi hutajwa kwa kipenyo cha nje. Inchi 3/8 ni milimita 9.5 nje kwa nje. Inchi 1/2 ni milimita 12.7. Fitingi za maji za kubana bomba la shaba mara nyingi huja kwa milimita 15. Muuzaji atakwambia "hiyo ni ya nusu inchi, mzee", naye hadanganyi, kwa sababu uzi (mistari ya kukazia) wa upande wa pili kweli ni wa nusu inchi. Lakini tundu la bomba ni la milimita 15, na bomba lako ni la 12.7. Mimi nilirudi nyumbani na mbili za namna hiyo, nikazungusha tepu nyeupe mpaka bomba likafanana na kidole kilichofungwa bendeji. Ilivuja vilevile. Milimita 2.3 hazizibwi na tepu.

Mtego wa pili unatoka kwenye video za Wamarekani. Fitingi zao za mpira wa bustani zina uzi wa inchi 3/4 wenye meno 11.5 kwa inchi, ilhali koki zetu zina uzi wa Kiingereza ambao kwa inchi 3/4 una meno 14. Zitashikana mzunguko mmoja, utafurahi, kisha zitakwama. Usiagize kitu mtandaoni kwa kuona picha tu. Beba kipande cha bomba mfukoni uende nacho dukani.

Mpira na klipu

Hii ni njia ya kukwepa fitingi. Unausukuma mpira juu ya ncha ya shaba, unakaza kwa klipu ya bisibisi, umemaliza. Bomba la inchi 1/2 huingia kwenye mpira wa inchi 1/2 kwa kubanana. Chovya ncha ya mpira kwenye maji ya moto kwanza, italainika na kuteleza. Iingie sentimita 3 au zaidi. Lainisha ukingo wa shaba kwa tupa na msasa, kwani ukingo uliokatwa kwa msumeno huchora mfereji ndani ya mpira, na maji huufuata mfereji huo.

Kwa maji ya simtanki klipu moja kila upande inatosha kabisa. Kwa maji ya moja kwa moja au pampu, weka mbili, skrubu zikielekea pande tofauti.

Udhaifu wake ni joto. Mpira wa bustani wa kawaida ukipitiwa na maji ya nyuzi joto 80 na zaidi unakuwa laini kama ulimi, na klipu iliyokaza vizuri asubuhi inakuwa imelegea bila mtu kuigusa. Wangu uliruka upande wa kutokea nikiwa nimeshika mwiko. Bahati yangu nilikuwa nimevaa viatu. Tangu hapo upande wa kutokea natumia mpira wenye nyuzi ndani au wa silikoni, nafungua maji taratibu dakika mbili za kwanza, na ncha ya shaba naiacha iwe ndefu ili iwe mbali na moto. Upande wa kuingia hauna shida hiyo ukishafungua maji.

Kuhusu chumvi, kagua skrubu. Klipu nyingi zina ukanda wa stenlesi unaong'aa na skrubu ya chuma cha kawaida, kwa hiyo baada ya miezi michache ukanda ni mpya na skrubu haizunguki tena. Kufungua ni kazi ya bisibisi tu, ila ncha ya mpira hukakamaa kwa joto na kila baada ya muda unakata kipande na kuanza upya. Fundi hahitajiki, na gharama ni ndogo kuliko zote.

Inamfaa anayeanza, mwenye maji ya tangi, na asiye na uhakika kama atapika bia zaidi ya mara tatu.

Kompresheni

Hapa kuna mwili wa brasi (shaba iliyochanganywa na zinki), nati, na pete ya shaba kati yao. Bomba linapita kwenye nati, kisha kwenye pete, linagota ndani ya mwili; unapokaza nati, pete inabanwa na kulikumbatia bomba. Upande wa pili una uzi wa kawaida wa maji, kwa hiyo unafunga pale kichwa cha mpira kama unavyofunga kwenye koki.

Ukipata kipimo sahihi, hii haijali nguvu ya maji ya nyumbani, iwe tangi au pampu. Joto la maji yanayochemka haliigusi, kwa kuwa ni chuma juu ya chuma. Kinachobaki kuwa laini ni mpira ulioungwa mbele yake, na huo sasa umesogea mbali na sufuria. Brasi huvumilia hewa ya bahari: inafifia na kupata ukijani, lakini haiozi kama chuma.

Ukazaji wake ndio unaoharibiwa na wengi. Kaza kwa mkono mpaka mwisho, kisha kwa spana robo tatu ya mzunguko hadi mzunguko mmoja, spana ya pili ikishika mwili ili bomba lisipindike. Ikitoa jasho, ongeza kidogo. Fundi bomba wetu wengi hukaza mpaka mshipa wa shingo utoke, na bomba la viyoyozi ni laini, hivyo pete inalikaba na kulipunguza kipenyo, kisha inavuja zaidi kuliko mwanzo. Bomba laini lenye kuta nyembamba linataka kibushi, yaani kijibomba kifupi, cha kuingiza ndani ya ncha ili lisibonyee. Tepu nyeupe ni ya uzi ule wa upande wa mpira. Kwenye pete haina kazi.

Nati unafungua na kufunga upendavyo, ila pete ikishabana haitoki. Zana ni spana mbili na tupa. Shida halisi ni upatikanaji: ya milimita 15 utaiona, ya inchi 1/2 ya nje au 3/8 utaitafuta, na huenda ukalazimika kuomba mtu anayetoka Dar es Salaam akubebee. Aliyekunja koili yake kwa bomba la maji la milimita 15 hana tatizo hili.

Inamfaa mwenye maji ya nguvu, anayependa kufanya mwenyewe bila moto, na aliyethibitisha kipimo kabla ya kununua.

Fleya

Mji wenye joto hili una viyoyozi, na palipo na viyoyozi pana mafundi wenye kifaa cha kufleya. Hii ndiyo faida ambayo waandishi wa nchi za baridi hawaitaji. Ncha ya bomba inapanuliwa iwe kama mdomo wa tarumbeta, kwa pembe ya nyuzi 45, kisha nati inaukandamiza mdomo huo kwenye koni ya brasi. Hakuna pete wala tepu. Viungo vya namna hii kwenye viyoyozi hushika gesi ya ba 20 na zaidi; maji yako ya bomba kwake ni mzaha.

Nilimpelekea koili fundi mmoja wa Chikongola. Akaizungusha mikononi, akanitazama, akaitazama tena.

"Mzee, samahani. Hii si ya gongo?"

"Mwanangu, ya gongo hupitisha mvuke ndani. Hii hupitisha maji ya bomba, bia inabaki nje."

Akacheka, akafanya kazi kwa dakika 10, lakini kila nikipita pale bado ananiita mzee wa mitambo. Nalitaja hili kwa sababu gongo ni kosa kisheria, na koili ya shaba juu ya bodaboda inavuta macho. Ifunge kwenye kiroba.

Joto haliisumbui fleya, na chumvi huigusa kama inavyoigusa brasi nyingine. Kwenye kufungua na kufunga inaongoza: unafungua, unaosha, unarudisha, mara nyingi upendavyo, mradi mdomo haujachubuka. Ugumu uko kwingine. Nati ya fleya ina uzi wake, wa inchi 3/4 meno 16 kwa bomba la 1/2, nao haulingani na uzi wa maji. Unahitaji kipande cha kati, fleya upande mmoja na uzi wa maji au nipo ya mpira yenye meno (kijibomba ambacho mpira husukumwa juu yake) upande wa pili. Duka la maji halina. Duka la vifaa vya friji linaweza kuwa nacho. Kipate hicho kwanza ndipo umwite fundi.

Na nati huvalishwa bomba kabla ya kupanua mdomo. Unalijua hili, fundi analijua, na mtaisahau wote wawili angalau mara moja. Bomba gumu lisilolainishwa kwa moto litapasuka mdomo. La viyoyozi linalouzwa likiwa limeviringishwa ni laini tayari.

Inamfaa mwenye bomba la viyoyozi, anayepika mara kwa mara, na anayetaka kuihamisha koili kutoka jiko hadi jiko.

Kulehemu na kuchomea

Nimeziweka pamoja, ila ni kazi mbili. Kulehemu ni kuyeyusha bati kwenye kiungo kwa moto mdogo. Kuchomea ni kazi ya gesi kali na fito za shaba zenye fosforasi, zinazoyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 600. Mafundi friji wanazo kila siku.

Zote mbili zikifanywa sawasawa hazivuji kwa nguvu yoyote ya maji ya nyumbani, na hakuna njia safi kuliko hii kwa macho. Kwenye joto ndipo zinapoachana. Bati huyeyuka kwa nyuzi 232 na lehemu zake ziko jirani na hapo. Maji yanayochemka hayafiki huko, lakini ulimi wa moto wa jiko unafika, hasa koili ikiwa tupu zile dakika 15. Kiungo kilicholehemiwa kikae mbali na ubavu wa sufuria. Kilichochomewa hakijali jiko lolote la nyumbani.

Hapa kuna tahadhari isiyo ya utani. Lehemu ya kawaida ya redio na betri ina risasi, ambayo ni sumu. Ndani ya koili hupita maji ya kupoza tu, lakini tone likidondokea nje ya bomba linaingia kwenye bia, na watu wengine hukinga yale maji yanayotoka wakaoshee vyombo. Taka lehemu isiyo na risasi, uone maandishi kwenye kopo lenyewe. Kwa fundi wa kuchomea, fito za shaba na fosforasi zinatosha shaba kwa shaba. Ukiunga na brasi atahitaji dawa ya kuchomea. Baadhi ya fito za fedha zina kadmiamu, hizo zikatae. Dawa iliyobaki ioshwe kwa maji ya moto na brashi.

Kufungua hakupo. Kosa linaisha kwa msumeno. Chumvi haina la kufanya pale.

Inamfaa mwenye makazi ya kudumu, asiyebadilisha vyombo, na aliye na fundi anayemwamini.

Barafu nayo inaongeza viungo

Maji yetu ya bomba si ya baridi. Yakilala kwenye simtanki jeusi juani, hutoka yakiwa vuguvugu, na koili haiwezi kushusha bia chini ya joto la maji yanayopita ndani yake. Kwa hiyo wengi wa pwani huongeza koili ya pili ndani ya ndoo ya barafu, maji yapite huko kwanza, au huzungusha maji ya barafu kwa pampu ndogo. (Au hutumia hamira ya kveik ya Norway, inayochapa kazi hata kwenye nyuzi 35, na kuachana na barafu.) Barafu ya wauza samaki inatosha, mradi ikae ndooni na isikaribie sufuria.

Ukiwa na koili mbili, viungo vinakuwa vinne. Si lazima vyote viwe vya aina moja. Vile vya upande wa ndoo haviguswi na joto na hapo klipu inakaa miaka. Cha upande wa kutokea kwenye sufuria ndicho kinachostahili gharama.

Njia yoyote utakayochukua, ijaribu kabla ya siku ya kupika. Weka koili kwenye sakafu kavu, pitisha maji dakika 15, pitisha kidole chini ya kila kiungo. Kisha rudia ikiwa imezamishwa kwenye maji yanayochemka, kwa sababu kiungo kinachonyamaza kikiwa baridi hubadilika kikipata moto. Bomba lililotoka kwenye kiyoyozi cha zamani lina mafuta ya kompresa. Lioshe ndani na nje kwa sabuni ya vyombo na maji ya moto mara mbili au tatu kabla ya yote.

Kwa hali yako

Una simtanki, jiko la nje, na hii ndiyo bia yako ya kwanza: mpira na klipu, ukiupa upande wa kutokea mpira unaohimili joto. Ukiona unaendelea, ncha bado ziko wazi kwa njia nyingine yoyote.

Maji yako yanatoka moja kwa moja na nguvu hubadilika saa kwa saa, au una pampu: kompresheni kama bomba ni la milimita 15, fleya kama ni la viyoyozi. Usichanganye hesabu hizo mbili.

Umepanga chumba kwenye nyumba yenye wapangaji wengi na koki ni ya wote: fleya, au klipu. Unafunga, unapoza nusu saa, unafungua, koili inarudi chini ya kitanda bila mpira kuning'inia uani.

Unapoza juisi kila siku kama jamaa yangu wa Lindi, koili haihami: ichomewe na fundi friji, nipo ya mpira mbele yake, klipu za stenlesi juu ya nipo. Alivyofanya yeye, ndicho kiungo pekee ninachokijua ambacho mwenyewe hukisahau kama kipo.

Na kama ncha bado hujazikata, ziache ndefu kwa sentimita 10 kila upande. Fleya ikipasuka au pete ikibana vibaya, utakata na kuanza upya pasipo kuikunjua koili.